Mwenye Pampu wa Rwamgasa

Ngokolo, Shinyanga
13 Mei 1984

Lakini kitanda, Shangazi, kitafichwa wapi? Kina nguzo nne za besera zilizochongwa maua, kimepita mtaa mzima juu ya mkokoteni huku watoto wakikishangilia kama gari la harusi. Dereva wa lori la huko kwenu aliponifikishia salamu zako, "Mwambie mumeo asinunue vitu vya kuonekana," nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani unanitania. Alipoondoka nikarudia maneno yako peke yangu, nikaacha kucheka.

Ona sasa, nimeanza barua kama mtu asiyefunzwa. Shikamoo, Shangazi. Hujambo na joto la huko? Dada Zuleha hajambo na tumbo lake? Sisi huku wazima. Baba anasumbuliwa na magoti tu, na dukani kwake vitambaa hakuna, anauza vifungo na nyuzi. Nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Mwambie namsalimu," kisha akageukia vifungo vyake. Unamjua.

Mimi, Shangazi, nina furaha ambayo haina adabu. Miezi minne ya ndoa na bado nikisikia Sabiti anakohoa kule nje nakimbilia kioo. Huniita "mwalimu" kwa sababu ya kidato changu cha nne, na akinikuta nasoma gazeti ananyamaza mpaka nimalize ukurasa. Nani duniani aliwahi kunyamaziwa hivyo? Tangu kiwanda cha pamba kilipopunguza watu mwezi wa pili hajawahi kunionyesha uso wa mtu asiye na kazi. Anaondoka asubuhi amevaa shati safi, anazunguka kwa mafundi, anarudi na hadithi. Siku alipopata ile kazi ya kutengeneza pampu huko kwenu machimboni, iliyotuletea kitanda hiki, alinibeba juu juu, jirani yetu Limi akaacha maziwa yake yakachemka yakamwagika.

Na sasa jambo lenyewe. Balozi wa nyumba kumi amepita nyumba kwa nyumba. Kila mtu mwenye nguvu aonyeshe kazi yake, na asiye na kazi atapakiwa kwenye lori akalime huko watakakomfikisha. Sabiti hakungoja. Alikwenda mwenyewe ofisini kuuliza: mtu aliyefanya kazi moja tu tangu aachishwe, anahesabiwa kuwa na kazi au hana? Bwana kodi akamjibu vizuri sana, kwamba hata kazi ya mara moja ni pato, alilipie kodi, apewe stakabadhi, na mwenye stakabadhi anaandikwa fundi wa kujitegemea wala haguswi. Sabiti alikuwa ameshaweka kando pesa ya kodi, ndiyo maana nasema mume wangu si wa kawaida. Lakini akaambiwa sharti ataje nani alimpa kazi ile, kwa sababu siku hizi watu wanauza ng'ombe wa wizi halafu wanasema pesa ni ya kibarua.

Alirudi nyumbani na pesa yake mfukoni. Nikamuuliza, "Kwani ni nani alikulipa?" Akasema, "Mwenye pampu." Nikasema, "Mwenye pampu ana jina." Akaniomba maji ya kunywa.

Wewe, Shangazi, alilala kwako majuma yote matatu, na wachimbaji wote wanakula kwako. Niandikie jina la huyo mwenye pampu. Ni swali dogo tu, nami nitampelekea Sabiti jibu kama zawadi.

Mwanao akupendaye,
Mwasiti


Rwamgasa
5 Juni 1984

Mwanangu Mwasiti,

Assalaam alaykum. Barua yako ilikaa Geita kwa mwenye duka siku nyingi, ameitumia kufunikia mtungi, ina duara la maji. Nimeisoma hata hivyo.

Sijambo. Mfungo umeanza na huku hakuna anayeujali, wachimbaji wanakula mchana kweupe mbele yangu na mimi ndiye ninayewapakulia. Zuleha amejifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi, mkubwa kama mtoto wa miezi mitatu. Sukari hakuna. Mvua iliyopita ilijaza mashimo, mawili yakatitia, hakufa mtu. Mwambie baba yako kuhusu mtoto. Mengine usimwambie.

Hilo uliloliuliza. Mimi ninapika, Mwasiti. Mtu anakuja na sahani, namtilia, anaondoka. Mashimo huku ni mengi kuliko nyumba za Ngokolo na kila shimo lina wenyewe, na wenyewe wanabadilika kila juma. Mumeo alilala kwangu, alikula kwangu, asubuhi alikwenda kwenye pampu na jioni alirudi ana grisi mpaka kwenye nyusi. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Wala sikupenda aende ofisini. Mtu hajipeleki. Wakimwita ataitika, lakini kwenda mwenyewe na pesa mkononi kuomba akatwe kodi, hiyo ni kazi ya mtu ambaye hajaona serikali kwa karibu. Mwambie atulie. Malori hayo ya kubeba watu nimeyasikia tangu nikiwa msichana, yanapita yanakwenda.

Lakini na wewe jiulize jambo. Mume akikataa kumtajia mkewe jina la mtu, kuna sababu. Mimi simsemi mume wa mtu. Nasema tu jiulize.

Nakutumia karanga kwa dereva. Ukiona zimepungua, ni yeye.

Shangazi yako,
Mwahija


Ngokolo
8 Julai 1984

Shangazi, shikamoo, na Idi mubarak ingawa imeshapita. Tumeila vizuri. Baba alichinja kuku wawili, na habari ya mtoto wa Zuleha ilimfanya acheke, akasema mwili wa watoto wa kwetu haupotei. Karanga zilifika nusu. Limi anauliza kama utakubali akutumie samli, nimemwambia utakubali.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda kile chenye besera, na mume wangu yuko kwenye mkeka. Hakufukuzwa. Nilisema nina homa, akatandika chini mwenyewe bila kuuliza, akaniletea maji na kitambaa. Hilo la maji na kitambaa ndilo linaloniua. Mtu mbaya angegomba.

Malori hayakupita, Shangazi. Yamekuja. Jumatatu waliitwa wote wasio na vitambulisho vya kazi, ofisi ya kata, ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Nilikwenda. Nilivaa khanga alizoninunulia ili aone niko upande wake. Walipomfikia, bwana kodi (ni mgeni, amehamishiwa hapa kutoka kusini, hana ubaya) akasema, "Huyu namkumbuka. Huyu alikuja na pesa. Bwana Sabiti Maganga, umelileta lile jina?"

Sabiti akasema, "Pesa ninayo."

"Sikuulizi pesa. Nani alikupa kazi?"

"Mwenye pampu."

"Anaitwa nani?"

"Siwezi kulitaja."

Bwana kodi akaweka kalamu chini. "Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Basi tuanze na lililo rahisi. Mwenye pampu ni mwanamume au mwanamke?"

Nikamwona mume wangu akiangalia viatu vyake. Nikamwona, Shangazi, mtu anayecheka na kila mtu mtaani, akiangalia viatu kama mtoto aliyevunja chungu. Akasema, "Mwanamke."

Unajua jinsi watu wanavyocheka mahali wanapoogopa? Walicheka hivyo. Mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Pampu gani hiyo, bwana, tuambie na sisi!" Mwingine akasema, "Mwacheni, mkewe huyo hapo, mwenye khanga mpya." Bwana kodi mwenyewe alifunika mdomo. Kisha akampa mpaka mwisho wa Agosti. Jina lisipofika, pesa yake haipokelewi na yeye anaandikwa mzururaji, na lori la Septemba linampeleka kwenye mashamba. Kwa muda gani? Hakuna anayesema.

Tukarudi nyumbani mimi na Sabiti. Pale nje ya soko akanunua muwa, akaumenya, akanipa kipande. Nilikipokea. Sikukila.

Basi nimejiuliza, kama ulivyoniambia. Nimejiuliza nikipika, nikifagia, nikimfulia mashati. Majuma matatu. Ni mwanamke gani huko Rwamgasa mwenye pesa ya kununua pampu na sababu ya kufichwa? Ni mjane? Ni mrembo? Sabiti alikuwa analala kwako kweli, au alikuwa analala kwako baadhi ya siku? Nani alimfulia nguo? Zilirudi zimekunjwa vizuri, Shangazi, mikono ndani, kola juu, kama mtu aliyefundwa anavyokunja. Siku ile nilifurahi. Nilisema, tazama, mume wangu amejifunza kukunja nguo.

Wewe umeona. Hakuna linalokupita wewe. Usiniambie unapika tu. Uliyenilea tangu mama alipofariki, uliyepokea mkaja, fungu la mama, siku ya ndoa yangu, huwezi kuniacha nimalizwe na kitu ambacho ungekimaliza kwa mstari mmoja. Bado nampenda, na hiyo ndiyo aibu yangu. Nikisikia anakohoa kwenye mkeka natamani kwenda, halafu naisikia ile sauti ya nyuma yangu ukumbini.

Nijibu upesi. Mpe dereva mkononi, usipitishie Geita.

Mwasiti


Rwamgasa
22 Julai 1984

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Samli imefika, nzuri, haina moshi. Mshukuru jirani yako, lakini usimweleze mambo ya ndani. Wauza maziwa wanaingia nyumba zote.

Mtoto wa Zuleha amepewa jina la bibi yako. Mimi bega linaniuma kwa kubeba sufuria. Wachimbaji wameongezeka, wengine vijana waliosoma kama wewe, wamekimbia hayo hayo malori yenu. Kwa hiyo unaona, si mumeo peke yake.

Umeniuliza mambo mengi na kwa hasira. Nitajibu ninayoweza. Alilala kwangu siku zote. Sikuona mwanamke akimfuata. Lakini mimi nina moto na sufuria, sikai kumlinda mwanamume mzima, siwezi kuapa kwa mchana kutwa.

Suala la jina nimelitafutia njia. Kuna mtu hapa anaitwa Masele, mwenye kibali cha shimo lile. Amekubali kuandika kwamba yeye ndiye aliyempa mumeo kazi na yeye ndiye aliyemlipa. Karatasi yake iko ndani ya bahasha hii, ina hata alama ya dole gumba. Mumeo aipeleke, alipe hiyo kodi yake aliyoishikilia kama hirizi, apewe stakabadhi, mambo yaishe. Bwana kodi anataka jina, hilo ni jina. Mwanamke alimtaja kwa sababu alichanganyikiwa mbele ya watu. Utasema hivyo ukiulizwa.

Pampu inakwenda vizuri, mwambie. Ile mipira mipya niliyomwambia atie, asitie ile ya kuungaunga, imeshika maji mpaka leo. Ni fundi, hilo silikatai.

Lala kwenye kitanda chako na mumeo. Usikonde.

Mwahija


Ngokolo
9 Agosti 1984

Shangazi, shikamoo. Baba hajambo, magoti yamepata nafuu kwa mafuta ya kondoo. Limi hajambo na ng'ombe wake. Sabiti hajambo. Mimi pia sasa sijambo, na nitakueleza kwa nini, maana nina mambo mengi na nimemwomba dereva anisubiri.

Nilimpa Sabiti karatasi ya Masele. Aliisoma mara mbili amesimama mlangoni, kwenye mwanga. Akaikunja akanirudishia. "Mimi sikufanya kazi ya Masele," akasema. Nikamwambia, "Ni jina tu wanalolitaka." Akasema, "Mwalimu, pesa yangu ni halali. Nikiilipia kodi kwa jina la uongo itakuwa nini?" Nikapandisha sauti, mara ya kwanza tangu anioe. Nikamwambia bora useme uongo kuliko kunificha mwanamke wako. Shangazi, hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na kitu asichokitegemea, akasema, "Mwanamke wangu?" Ni kama wazo hilo lilikuwa halijampitia kabisa, hata siku ile ukumbini. Akachukua shati, akatoka.

Nikakaa kizingitini nikilia bila kujificha. Limi akaja na kibuyu chake. Yeye akiona mtu analia haulizi, anakaa. Alipochoka kukaa akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, bi harusi. Leo umetia chumvi maziwa yangu." Nikamweleza yote. Ndiyo, nilimweleza, na usinikasirikie, maana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka akajishika mbavu.

"Wewe umesoma kitu gani huko shule?" akaniuliza. "Mwanamume mwenye hawara akiulizwa jina hasemi siwezi. Anataja jina! Anataja lolote, anamtaja Masele, anamtaja na babu yake. Mwongo majina hayamwishii."

"Basi kwa nini hawezi?"

"Sabiti baba yake nani?"

"Mzee Maganga."

"Msukuma wa wapi?"

"Wa Usanda."

"Haya. Mimi nimeolewa mwaka wa kumi na mbili. Mama yake mume wangu jina lake sijalitia kinywani hata siku moja, na huko hospitali nilipompeleka nilipoulizwa mgonjwa anaitwa nani nilimtuma mtu wa njiani akaseme. Na mume wangu mama yangu akija huku, yeye anapitia uchochoroni. Mkwe hatajwi, ng'wanawane, mwanangu. Wewe watu wako wa pwani mmechanganyika, mnawaita wakwe kama mnavyoita kuku. Sasa niambie, huyu mumeo ana wakwe wangapi wanawake huko Rwamgasa?"

Nilitaka kumbishia. Nikaingia ndani nikachukua barua yako ya mwisho, nikaisoma pale kuhusu mipira ya pampu. Mpishi hamwamuru fundi aina ya mpira. Anayeamuru ni anayenunua. Na nguo zile, mikono ndani, kola juu. Nani alinifundisha mimi kukunja hivyo?

Hata hivyo sikutaka kuamini kwa maneno ya jirani. Jana mchana tulikuwa tunakula, ugali na mlenda, mimi na Sabiti. Nikasema polepole, kama ninayesema habari ya mvua, "Mwahija anakusalimu."

Aliliweka tonge chini. Hakunitazama. Akainuka, akanawa, akatoka kwenda kusimama uani, kisogo kwa mlango, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake akamkuta mkubwa anavaa. Na masikio yake, Shangazi! Yalikuwa yamewiva. Nikaja nyuma yake nikamkumbatia kiuno, nikacheka na kulia kwenye shati lake, na yeye maskini hakujua kwa nini, akabaki ananiuliza kama homa imerudi. Mkeka nimeukunja. Nimeuweka juu ya dari.

Sijamwambia kwamba najua. Yeye anadhani anakulinda, sitaki kumnyang'anya hilo. Wewe ulimwambia asiseme, sivyo? Ulimfunga mdomo, na desturi yake ikakusaidia kufunga fundo la pili. Angeweza kusema pale ukumbini "ni mkwe wangu," na watu wote wa Ngokolo wangejua ni binti nani wa nyumba gani, na Baba angelisikia kabla ya adhuhuri. Akachagua wamcheke yeye. Mbele yangu.

Na wewe ulijua. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifika. Nilikuandikia kwamba mume wangu yuko kwenye mkeka kwa sababu ya mwanamke asiyetajika, na ukanijibu huwezi kuapa kwa mchana kutwa. Mchana kutwa alikuwa kwenye pampu yako! Ungeandika neno moja. Ulitaka nimshuku yeye nisije nikakushuku wewe. Sijui kodi yako ni kubwa kiasi gani wala Baba alikuambia nini ulipohamia machimboni, hakuna aliyewahi kunieleza, lakini sidhani kama inafika thamani hiyo.

Mimi ni mtoto wa watu waliochanganyika, kama anavyosema Limi. Jina lako naweza kulitaja. Naweza kwenda ofisini kesho, niseme jina lako na la baba yako na mahali unapokaa, na Sabiti akapata stakabadhi yake. Sijakwenda kwa sababu wewe ni mama yangu na sipendi uitwe kwa karatasi na mtu asiyekujua. Lakini lori halitanisubiri mimi nimalize kukuheshimu. Kama jibu lako halijanifikia ifikapo tarehe ishirini na tano, nitavaa zile khanga, nitaingia, nitasema.

Nakupenda na nimekasirika. Yote mawili ni kweli, soma yote mawili.

Mwasiti


Rwamgasa
17 Agosti 1984

Mwanangu Mwasiti,

Assalaam alaykum. Zuleha mzima, mtoto mzima, bega langu linaendelea. Dereva huyu ameniambia uliandika ukiwa umesimama, na mwandiko wako unaonekana.

Pampu ni yangu. Niliinunua kwa bangili na kwa miaka minane ya kupika, na kila wanapogawana mawe ya dhahabu nina fungu langu. Kibali cha shimo ni cha Masele, hilo halina kasoro. Kasoro ni kwamba sijawahi kulipia kitu, na wakishanijua watanihesabia mpaka sufuria. Na baba yako alisema nikienda kutafuta dhahabu nisimwite kaka tena. Ndiyo sababu. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Kuhusu yale niliyoyaandika ukamshuku mumeo kwayo, umeelewa sawasawa. Sina la kuongeza, na sitaki uniandikie tena juu yake.

Nilimwambia mumeo asiseme, nikadhani amekubali kwa kuniogopa. Nilipomlipa alipokea kwa mikono miwili ameangalia pembeni, nikasema moyoni huyu kijana ana jambo anaficha. Muda wote aliokaa hapa nilimchunguza kwa sababu hakuwahi kunitazama usoni. Nilihesabu hata vijiko. Sasa naambiwa ilikuwa ni heshima. Mngenieleza mapema mambo ya kwao.

Usiende ofisini. Jina langu sitaki litajwe na mtoto. Na huyo bwana kodi simwamini hata kama unasema hana ubaya, kwa hiyo mbele yake nataka nione mwenyewe anaandika nini, na stakabadhi ya mumeo niishike mkononi kabla sijafungua pochi kwa kodi yangu. Huyo Limi naye awepo, nataka nimtazame machoni. Baba yako usimwambie kitu. Nitamwambia mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, ashindwe kuondoka.

Siku hiyo ya ofisini Sabiti avae shati safi aje mpaka barazani tu. Asiingie. Nitakapoulizwa jina nitalisema kwa sauti, na la baba yangu, na la babu yangu, na sitaki mtoto wa watu avunjiwe desturi yake kwa ajili yangu. Mpeni gazeti akasimame mbali.

Lori la mizigo linaondoka hapa Jumatano kupitia Kahama na Isaka, nimeshampa dereva pesa ya kiti cha mbele. Likiharibika njiani nitapanda jingine, likikosekana nitapanda treni hapo Isaka. Mpike wali, na nitalala kwenye hicho kitanda, nyinyi mtajua pa kulala. Nitafika kabla mwezi haujaisha.

Shangazi yako,
Mwahija binti Sefu